Shamba Limeungua Baada ya Mvua: Kutafuta Chanzo cha Bakajani Chelewa na Jamaa Zake Nyanda za Juu Kusini

Mkulima wa viazi mviringo wa Uporoto au Umalila akisema shamba "limeungua", huenda anazungumzia kimoja kati ya vitu vinne: bakajani chelewa, bakajani tangulia, mnyauko wa bakteria, au barafu ya usiku. Ukitazama ukiwa barabarani, vyote vinafanana. Tiba zake hazifanani hata kidogo, na viwili kati ya hivyo havina dawa ya kupulizia kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kuangalia shamba. Duka la pembejeo linakuja baadaye.

Ni kiumbe gani hiki

Bakajani chelewa huletwa na Phytophthora infestans. Kwa macho ni ukungu: kuna utando mweupe, kuna madoa yanayooza, kuna harufu. Kwa miaka mingi wataalamu walikiweka kundi moja na kuvu. Ukoo wake, hata hivyo, ni mwingine. Kuta za seli za kuvu halisi zimejengwa kwa kitini, ile ile iliyomo kwenye gamba la mdudu. Za kiumbe hiki zimejengwa kwa selulosi na jamii ya glukani. Jamaa zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Kundi lake huitwa oomiseti, na familia yake ni Peronosporaceae. Humo mna Phytophthora zote, pamoja na viumbe vinavyoleta ubwiri vinyoya kwenye vitunguu, kabichi, matango na zabibu. Pythium, anayeangusha miche kitaluni, ni wa familia jirani.

Mambo mawili kuhusu ukoo huu yatarudi katika kila dalili hapa chini. La kwanza, wanaogelea. Jani likiwa limelowa na hewa ni ya baridi, kifuko kimoja cha mbegu zake hupasuka na kutoa spora ndogo zenye mikia miwili, nazo husafiri ndani ya tone la umande au kwenye maji yaliyomo katikati ya chembe za udongo. Bila maji hawaendi popote. La pili, kwa kuwa si kuvu, dawa nyingi zilizotengenezwa kuua kuvu haziwagusi. Ukitaka kujua kwa nini shamba lako linaugua, fuatilia maji. Ukitaka kujua kwa nini dawa haikufanya kazi, soma kibandiko chake.

Madoa meusi kwenye majani ya viazi

Ingia shambani asubuhi umande ukiwa bado upo, kwa maana jua likishapanda ushahidi mkubwa hutoweka. Geuza jani lenye doa uangalie upande wa chini. Kama ni bakajani chelewa, pembezoni mwa doa, pale sehemu iliyokufa inapokutana na sehemu ya kijani, kutakuwa na utando mweupe mwembamba. Doa lenyewe aghalabu huanzia kwenye ncha au ukingo wa jani, mahali tone la maji linapokaa. Mwanzoni lina rangi ya kijani iliyokolea na umajimaji, kisha hugeuka kahawia hadi nyeusi, likizungukwa na ukanda wa kijani hafifu. Mishipa ya jani hailizuii. Kwenye bua huacha mabaka marefu ya kahawia, na bua hukatika hapo kwa urahisi. Shamba likishaathirika sana, harufu ya kuoza hukupokea kabla hujalifikia.

Ukifika mchana, au ukiwa na shaka, fanya hivi. Chuma majani machache yenye madoa machanga, yaweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kitambaa kilicholowa, funika, na uliache ndani ya nyumba usiku kucha mbali na jua. Asubuhi, kama ni bakajani chelewa, utando mweupe utakuwa umejitokeza. Kipimo hiki hakina gharama, na ningefurahi kukiona kila kijiji kinacholima viazi, maana kimoja tu kinaweza kuokoa fedha za dawa ya msimu mzima.

Utando usipotokea, angalia yafuatayo.

Madoa makavu yenye duara ndani ya duara, yaliyoanzia kwenye majani ya chini yaliyozeeka na kupanda juu taratibu, ni bakajani tangulia. Huyu ni kuvu halisi aitwaye Alternaria. Hupenda joto kuliko mwenzake, na hushambulia zaidi mimea iliyochoka au yenye upungufu wa naitrojeni. Dawa za kuvu humfaa.

Mmea unaonyauka ungali wa kijani, ukilegea mchana na kujikaza tena jioni kwa siku za mwanzo, bila madoa yoyote, una mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha bua karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka, jibu umelipata. Hapo hakuna dawa ya kupuliza. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, usiutupe mferejini, na misimu inayofuata panda mahindi au ngano mahali hapo, usipande viazi, nyanya wala bilinganya.

Barafu nayo ina tabia yake. Huja miezi ya kipupwe, hasa Juni na Julai, kwenye maeneo ya juu kama Kitulo na sehemu za Makete. Majani huwa meusi kwa usiku mmoja, shamba zima kwa pamoja, na hali huwa mbaya zaidi bondeni ambako hewa baridi hutuama. Majani ya juu huungua, yale ya chini yaliyojificha hubaki ya kijani. Kesho yake kuungua hakuongezeki. Bakajani chelewa huanza sehemu moja, kisha duara lake hupanuka siku baada ya siku hadi shamba lote liishe kwa wiki moja au mbili.

Kuchanganya baridi na ugonjwa si jambo la huku kwetu peke yake. Viazi vya Ireland vilipooza mwaka 1845, wasomi wengi waliamini kwamba hali ya hewa ndiyo iliyoozesha mimea, na ukungu umefuata tu kula kilichokwisha kufa. Mchungaji mmoja wa Uingereza aliyependa kuchunguza kuvu, Miles Berkeley, aliandika mwaka 1846 kwamba ukungu wenyewe ndio chanzo. Wengi walimpinga. Njaa ile iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakahama nchi. Ni Mjerumani Anton de Bary aliyekuja kuthibitisha jinsi kiumbe hiki kinavyoambukiza mmea, na mwaka 1876 akakipa jina la Phytophthora, neno la Kigiriki lenye maana ya mharibu mimea. Naikumbusha historia hii kwa sababu anayesema "ni baridi tu" hachukui hatua yoyote, na siku anazopoteza akisubiri jua ndizo ugonjwa unazohitaji.

"Nimepiga dawa na bado linaungua"

Lalamiko hili ndilo linalosikika zaidi, nami nataka kulichambua polepole, kwa maana nyuma yake kuna sababu tofauti zinazohitaji majibu tofauti.

Anza na kibandiko. Usiridhike na jina kubwa la biashara lililo juu. Tafuta jina la kiambato lililoandikwa kwa herufi ndogo. Ukikuta tebukonazoli, heksakonazoli au propikonazoli peke yake, umepata jibu. Dawa hizi huua kuvu kwa kuzuia utengenezaji wa ergosteroli, aina ya mafuta ambayo kuvu hawezi kuishi bila hiyo. Phytophthora hatengenezi ergosteroli, kwa hiyo hakuna cha kuzuiwa. Kabendazimu nayo haimgusi, wala salfa ya unga. Mkulima hurudi dukani akilalamika kwamba ameuziwa dawa feki, kumbe dawa ni halisi na inafanya kazi yake vizuri, ila si kazi aliyoinunulia. Muuza duka anayemwambia mteja "hii ni ya ukungu wote" anamuumiza, hata kama hakukusudia.

Viambato vinavyomgusa ni mankozebu, dawa za shaba, klorothalonili, simoksanili, dimethomofu, mandipropamidi na metalaksili. Hakikisha pia bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kwamba viazi vimetajwa kwenye kibandiko.

Kama kiambato ni sahihi, angalia wakati. Tangu spora itue kwenye jani lililolowa hadi doa lionekane hupita siku tatu hadi saba hivi, kutegemea joto. Doa unaloliona leo lilianza siku kadhaa zilizopita, na majani yanayoonekana mazima pembeni yake huenda yameshaingiwa. Mankozebu na shaba hukaa juu ya jani tu. Huua spora kabla haijapenya, na hazina uwezo juu ya kilichokwisha kuingia ndani. Ni koti la mvua: anayelivaa akiwa ameshalowa halimsaidii. Simoksanili huingia ndani ya jani na inaweza kukamata maambukizi ya siku moja au mbili zilizopita, lakini nguvu yake huisha haraka, ndiyo maana huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu.

Basi uanze lini? Kabla ya doa la kwanza. Uingereza walitumia kwa miaka mingi kipimo kilichoitwa kwa jina la Smith: siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10 za Selisiasi, na kila siku kati ya hizo unyevu wa hewa ukafikia asilimia 90 au zaidi kwa saa zisizopungua 11. Anayelima miteremko ya Mlima Rungwe katikati ya msimu wa mvua anajua jinsi siku za namna hiyo zinavyofuatana. Huhitaji chombo. Kama ukungu wa hewa umelala mlimani hadi saa nne asubuhi na majani hayakauki, hesabu kwamba hatari ipo. Puliza mimea inapokaribia kugusana kati ya mstari na mstari, kisha rudia kila siku saba hivi wakati wa mvua, ukifuata kibandiko.

Sababu nyingine ni kwamba dawa haikufika ilikotakiwa. Ugonjwa huota chini ya jani na katikati ya kichaka cha mmea, ambako hakukauki. Mpulizaji akitembea haraka na bomba limeinuliwa juu, analowesha majani ya juu tu. Nozeli iliyochakaa hutoa matone makubwa yanayoteleza na kudondoka. Mvua ikinyesha dawa haijakauka, sehemu kubwa imekwenda ardhini. Tena kumbuka kwamba viazi hukua haraka: majani yaliyochipua baada ya kupuliza hayana kinga yoyote.

Halafu kuna usugu. Metalaksili ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 ilionekana kama ukombozi, kwa sababu hupenya na kusambaa ndani ya mmea. Mwaka 1980 tayari Ireland na Uholanzi zilikuwa na vimelea vilivyoizoea. Dawa hii hushambulia sehemu moja tu ya kimelea, na mabadiliko madogo humtosha kuiponyoka. Kwa hiyo itumie ikiwa imechanganywa na mankozebu, mara moja au mbili kwa msimu, mapema mmea ukiwa unakua kwa kasi. Usiitumie kuzima shamba ambalo tayari limeungua, maana hapo unachagua wale wasiokufa na kuwaacha wazaane.

Na afya yako: vaa glavu, buti, barakoa na nguo ya mikono mirefu, usipulize ukielekea upepo, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko. Watoto wasikaribie shamba lililotoka kupuliziwa. Linaumiza moyo jambo la dawa kuchanganywa kwenye ndoo ile ile inayorudi jikoni jioni.

Viazi vilionekana vizuri, vimeozea ghalani

Kata kiazi kimoja. Bakajani chelewa huacha ganda lenye mabonde ya rangi ya zambarau au kahawia, na chini yake nyama kavu ya kahawia yenye wekundu, inayoingia ndani bila mpaka ulionyooka. Baadaye bakteria wa kuozesha hupitia hapo, kiazi kinakuwa uji na kunuka. Ukiona badala yake duara la kahawia linalofuata mshipa ndani ya kiazi, na ukikibana kinatoa usaha mweupe, huo ni mnyauko wa bakteria.

Maji ndiyo yaliyoshusha ugonjwa. Mvua huosha spora kutoka kwenye majani, zikapenya kwenye nyufa za tuta hadi kwenye kiazi kilicho karibu na uso wa ardhi. Kinga yake iko kwenye jembe: pandishia udongo vizuri hadi tuta liwe pana na nene, lisipasuke. Pili, majani yakishaungua zaidi ya nusu, yafyeke na uyatoe shambani, kisha uache viazi ardhini kwa wiki mbili hivi kabla ya kuchimba. Muda huo ganda hukomaa na spora zilizo juu ya udongo hufa. Kuchimba viazi chini ya majani mabichi yenye ugonjwa, siku ya mvua, na kuvijaza moja kwa moja kwenye lumbesa, ni kuvipaka ugonjwa kimoja kimoja kwa mkono wako.

Kila msimu ugonjwa unarudi shamba lile lile

Phytophthora infestans ana aina mbili za uzazi, A1 na A2, na ni zikikutana tu ndipo anapotengeneza spora ngumu zinazoweza kungoja udongoni. Uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki umekuwa ukikuta A1. Maana yake kwa mkulima ni kubwa: hapa kwetu ugonjwa huu unahitaji mmea ulio hai ili kuvuka kutoka msimu hadi msimu. Kwa hiyo usiulaumu udongo. Tafuta mmea huo.

Tafuta kwanza maotea, vile viazi vilivyosahaulika ardhini na kuchipua vyenyewe katikati ya mahindi. Tafuta lundo la viazi vibovu lililoachwa kando ya njia ya kupakilia. Likichipua ni chemchemi ya spora kwa kijiji kizima. Tazama vinyungu: bustani za mabondeni za kiangazi ni riziki ya kaya nyingi za Iringa na Njombe na sitamwambia mtu aziache, lakini viazi na nyanya za kinyungu hubeba ugonjwa hadi mvua zinaporudi. Usipande viazi vya mvua jirani na kinyungu chenye viazi vinavyougua. Mwisho ni mbegu. Mbegu iliyochaguliwa kwenye mabaki ya shamba lililoungua hubeba ugonjwa ndani yake. Nunua mbegu iliyothibitishwa, au angalau teua mimea mizima ungali shambani na uvune viazi vyake pembeni.

Kuhusu aina, Asante, Tigoni na Sherekea huvumilia bakajani chelewa kuliko nyingi za zamani. Kuvumilia si kutougua. Hukupa nafasi ya kupuliza mara chache zaidi. Ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole ni aina gani inayofaa mwinuko wako.

Nyanya: bua jeusi, tunda gumu la kahawia

Ni kimelea kile kile. Kwenye tunda huleta baka la kahawia lenye mafuta-mafuta, gumu kwa kugusa, mara nyingi upande wa bega karibu na kikonyo. Kuoza kwa kitako cha tunda ni jambo lingine: huko chanzo ni upungufu wa kalisi na umwagiliaji usio na mpangilio. Majani yenye njia nyeupe zilizochimbwa ndani ni kazi ya kantangaze, na dawa yake ni ya wadudu.

Wakulima wa Ilula hupata nafuu kwa kulima nyanya kiangazi kwa kumwagilia, lakini nafuu hiyo hupotea ukimwagilia kwa kurusha maji juu ya majani jioni, kwa sababu jani hulala limelowa. Peleka maji kwenye mfereji, asubuhi. Weka miti ya kuegemeza, pogolea majani ya chini yanayogusa udongo, acha nafasi upepo upite. Na shamba la nyanya lisifuatane na la viazi.

Miche inaanguka kitaluni

Shingo ya mche huwa nyembamba na yenye umajimaji usawa wa udongo, mche unalala, na duara la vifo linapanuka. Huyo ni kinyausi, na mara nyingi mhusika ni Pythium. Kama shingo ni kavu, ya kahawia na ngumu, fikiria Rhizoctonia, kuvu halisi ambaye dawa ya Pythium haimfikii.

Kabla ya dawa yoyote, punguza maji na ongeza nafasi. Inua tuta la kitalu sentimita 15 hadi 20, changanya mchanga, sia kwa mistari bila kubananisha, mwagilia asubuhi tu, na hamisha kitalu kila msimu. Ukiwa na muda, lowesha udongo na uufunike kwa plastiki angavu wiki nne hadi sita wakati wa jua kali kabla ya kusia.

Unga au manyoya kwenye kabichi, vitunguu na matango

Swali ni moja: upande gani wa jani? Unga mweupe juu ya jani, unaofutika kwa kidole na unaopenda siku kavu, ni ubwiri unga, kuvu halisi, na salfa humfaa. Manyoya ya kijivu au zambarau chini ya jani, huku juu kukiwa na mabaka ya njano, ni ubwiri vinyoya, jamaa wa bakajani chelewa. Kwenye matango na matikiti mabaka yana pembe kwa sababu mishipa ya jani huyazuia. Kwenye kitunguu huonekana kama mabaka marefu yaliyofifia, na utando wa zambarau asubuhi. Tiba ni ile ile ya viazi: jani likauke mapema, kisha mankozebu au shaba kabla ugonjwa haujasambaa. Mchanganyiko wa shaba na chokaa ulianzia kwa ugonjwa wa familia hii, ubwiri vinyoya wa mizabibu ya Bordeaux, na Pierre Millardet aliutangaza mwaka 1885.

Kakao ya Kyela: tunda linakuwa jeusi

Doa la kahawia huenea hadi kulifunika tunda lote ndani ya siku 10 hadi 14, kisha unga mweupe hutokea juu. Ni Phytophthora palmivora, na mvua za Aprili na Mei ndizo zinazomchochea. Vuna kila mara ili tunda bovu lisikae mtini, toa yaliyougua nje ya shamba, pogolea kivuli kilichozidi, na usiache lundo la maganda chini ya miti. Mbegu za tunda lililoanza kuugua karibuni mara nyingi bado zinafaa. Zilizokaa sana, hapana.

Mparachichi umedumaa, majani madogo ya njano

Nyanda za Juu Kusini zimejaa miparachichi mipya ya aina ya Hass, kuanzia Rungwe hadi Njombe na Mufindi, na watu wameweka akiba zao humo. Kwa hiyo dalili hii inastahili kuchukuliwa kwa uzito mapema, maana mti unaweza kufa polepole kwa miaka huku mwenyewe akiuongezea mbolea.

Dalili ni hizi: majani machache, madogo, yenye kijani kilichofifia, mti unaonyauka ilhali udongo una unyevu, matawi ya juu yanakauka kutoka nchani, wakati mwingine matunda mengi lakini madogo mno. Mkulima huona njano akafikiria njaa ya naitrojeni. Kabla ya kununua mfuko wa mbolea, chimba. Fukua kwa mkono chini ya kivuli cha mti, sentimita 15 za juu, utafute mizizi myembamba ya kulisha. Mizima huwa na rangi ya maziwa na ncha nyeupe. Ikiwa ni myeusi na inakatika ovyo, au haipo kabisa, una Phytophthora cinnamomi, kimelea kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwenye midalasini ya Sumatra na ambacho leo kinajulikana kushambulia maelfu ya aina za mimea, makadamia ikiwemo.

Ukikuta mizizi myembamba ni mizima, tafuta kwingine. Mzizi mkuu uliojikunja chini ya kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, wakati wa kupanda hudumaza mti vivyo hivyo. Mchwa huacha njia za udongo kwenye shina. Utando mweupe kama karatasi chini ya gome la shina karibu na ardhi, wenye harufu ya uyoga, ni Armillaria, ambaye hupatikana palipokuwa na msitu au visiki vya zamani.

Phytophthora cinnamomi, tofauti na yule wa viazi, hukaa udongoni miaka mingi bila mmea. Huwezi kumwondoa, unaweza kumnyima maji ya kuogelea na kuupa mti nguvu ya kuotesha mizizi upya. Chimba mtaro juu ya shamba wa kuzuia maji yanayotiririka, na mitaro ya kutoa yanayotuama. Weka matandazo mazito ya matawi yaliyokatwakatwa na majani makavu, sentimita 10 hadi 15, bila kugusa shina. Punguza mzigo wa matunda na matawi ili mizizi iliyobaki imudu. Chumvi za fosfonati, zinazochomwa kwenye shina kwa sindano au kupuliziwa majani, ndizo dawa zilizosaidia zaidi kote duniani kunakolimwa parachichi. Hazimalizi kimelea, ila mti ambao bado una nusu ya majani yake mara nyingi hurudi. Ule uliobaki fito usiutumie fedha.

Kwa shamba jipya, kagua kitalu kabla ya kukagua miche. Viriba vikiwa vimepangwa juu ya udongo wenye matope, maji yakitoka mferejini, na udongo ukiwa umechotwa chini ya miparachichi mingine, ondoka hata kama bei ni nzuri. Ukiweza kupata miche iliyobebeshwa kwenye mashina ya chini (yenye mizizi) yanayovumilia ugonjwa huu, kama Dusa au Duke 7, lipa tofauti hiyo. Panda juu ya tuta la udongo lenye kimo cha nusu mita, kamwe si bondeni panapotuama maji, na osha jembe na buti ukitoka shamba linaloumwa.

Mti ukifa, ng'oa kisiki na mizizi yake yote. Usirudishie mparachichi kwenye shimo hilo. Panda mahindi, na mche mpya uweke mbali na hapo, upande wa juu wa mteremko, ambako maji ya shimo lile hayawezi kuufikia.